Huduma Isiyofika Kitandani

Mtoto njiti mwenye uzito wa kilo moja na nusu mara nyingi hana nguvu ya kunyonya. Maziwa ya mama yake hukamuliwa, yakapimwa kwa mililita, kisha yakapitishwa polepole kwenye mpira mwembamba unaoingia puani hadi tumboni. Kazi hiyo hurudiwa kila baada ya saa tatu, usiku na mchana. Kabla ya kumimina, muuguzi anatakiwa ahakikishe mpira uko tumboni na haujahamia kwenye njia ya hewa. Akimaliza, amtazame mtoto asije akacheua na kupaliwa.

Tuchukulie yote hayo yanamalizika kwa dakika kumi. Muuguzi mwenye watoto 15 katika zamu ya saa 12 atamlisha kila mmoja mara nne. Hizo ni dakika 600, yaani saa kumi kamili. Zinabaki saa mbili za kupima joto, kuhesabu pumzi, kutoa antibayotiki, kubadilisha nepi, kuosha mikono kati ya mtoto na mtoto, kumpokea mtoto mpya aliyeletwa kutoka chumba cha upasuaji, kufuatana na daktari anapopitia wagonjwa, kuandika mafaili, kumwelekeza mama jinsi ya kumbeba mwanawe kifuani ngozi kwa ngozi, na kula.

Hesabu hiyo haikubali, na muuguzi yeyote aliyewahi kushika zamu kwenye wodi ya watoto wachanga anaijua bila kushika kalamu. Zipo kazi ambazo hazitafanyika leo. Hazitafanyika kesho pia. La kuuliza ni kazi zipi, za mgonjwa gani, na kwa sababu gani. Kwa muda mrefu hakuna aliyeuliza kwa utaratibu.

Hospitali zinahesabu mengi. Zinahesabu vitanda, waliolazwa, waliotoka, waliofariki, chupa za dripu zilizotumika na zilizobaki stoo. Kosa lililotendwa nalo lina mahali pake: dawa ikipewa mgonjwa asiyestahili, fomu itajazwa na kikao kitaitwa. Lakini jambo ambalo halikufanyika halina fomu. Mgonjwa wa kiharusi asiyegeuzwa usiku wa Jumatatu ataonekana na kidonda cha kulalia siku kadhaa baadaye, zamu ikiwa ya mtu mwingine, na hakuna atakayerudi nyuma kuutafuta usiku ule. Mama anayeruhusiwa kwenda nyumbani bila kuelezwa dalili za hatari atarudi na mtoto aliyezidiwa, au hatarudi. Rekodi za hospitali zitaonyesha kwamba aliruhusiwa akiwa na hali nzuri.

Mtu aliyelitoa jambo hili gizani ni Beatrice Kalisch, aliyekuwa profesa wa uuguzi katika Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani. Mwaka 2006 alichapisha matokeo ya mazungumzo aliyofanya na wauguzi na wasaidizi wao katika hospitali mbili. Aliwakalisha katika vikundi, akawauliza waziwazi ni huduma gani huwa hawaitoi. Wangeweza kukana. Hawakukana. Walitaja kazi tisa zilizokuwa zikiachwa mara kwa mara: kumwinua mgonjwa atembee, kumgeuza kitandani, kumlisha kwa wakati, kumfundisha kuhusu ugonjwa wake, kumwandaa kurudi nyumbani, kumliwaza, usafi wa mwili, kuandika kiasi cha maji aliyokunywa na mkojo aliotoa, na kumchunga, yaani kumtazama mara kwa mara kuona kama hali inabadilika.

Itazame orodha hiyo vizuri. Sindano haimo. Dawa za daktari hazimo. Kinachoachwa ni kile kisichodaiwa na mtu mwenye sauti. Daktari atauliza asubuhi kama antibayotiki ilitolewa, lakini ni nadra aulize kama mgonjwa alizungumziwa. Dawa iliyotolewa huandikwa kwenye chati kwa saa na saini. Dakika tano za kukaa na mzee anayeogopa upasuaji haziachi alama popote. Muuguzi aliyebanwa anafanya kwanza kile ambacho kutokifanya kutaonekana. Simlaumu kwa hilo. Lakini ndivyo sehemu kubwa ya uuguzi wenyewe inavyotoweka hospitalini huku karatasi zikionyesha kwamba kila kitu kiko sawa.

Kutokana na mazungumzo yale Kalisch na wenzake waliunda dodoso, lililotangazwa mwaka 2009 kwa jina la MISSCARE. Lina sehemu mbili. Ya kwanza inaorodhesha kazi 24 na kumuuliza muuguzi kila moja huachwa mara ngapi katika wodi yake. Ya pili, ambayo mimi naiona kuwa yenye thamani zaidi, inaorodhesha sababu 17 na kumtaka apime uzito wa kila moja. Wafanyakazi ni wachache? Wagonjwa waliongezeka ghafla? Dawa haikuwepo ilipohitajika? Kifaa kilikuwa kibovu au kimeazimwa wodi nyingine? Zamu iliyotangulia haikutoa ripoti ya kutosha? Wagonjwa waligawanywa bila usawa? Kuna ugomvi kati ya wafanyakazi wenyewe? Majibu hukusanyika katika mafungu matatu: watu, vifaa, na mawasiliano. Mafungu hayo hayatibiwi kwa dawa moja, na ndiyo sababu ya kuyapima kila moja peke yake. Kununua vipimajoto hakuwezi kumaliza uhasama kati ya matroni na vijana wake, na semina ya mawasiliano haitamfanya muuguzi mmoja awe wawili.

Dodoso limetafsiriwa na kutumika katika nchi nyingi. Uswisi, Maria Schubert na wenzake walitengeneza kipimo chao, BERNCA, wakilitazama jambo hilo hilo kama mgao: rasilimali hazitoshi, na muuguzi analazimika kuamua kimoyomoyo nani apate na nani akose. Mtazamo huu una ukweli mchungu ndani yake. Uamuzi wa nani akose hufanywa na mtu aliye chini kabisa katika ngazi ya madaraka, saa nane za usiku, bila mwongozo na bila shahidi. Aliyepanga bajeti amelala nyumbani kwake.

Takwimu zilizofuata ziliwashtua hata wanaoijua kazi. England, Jane Ball na wenzake waliwauliza wauguzi 2,917 katika wodi 401 za hospitali 46 kuhusu zamu yao ya mwisho. Asilimia 86 walisema waliacha angalau kazi moja kwa kukosa muda. Iliyoongoza ilikuwa kumfariji mgonjwa na kuzungumza naye, iliyotajwa na asilimia 66. Ya pili ilikuwa kumfundisha mgonjwa, asilimia 52. Utafiti huo ulichapishwa wakati Waingereza bado wanauguza jeraha la Stafford, hospitali ambayo uongozi wake ulipunguza wafanyakazi ili kubana matumizi, wagonjwa wakaachwa kwenye mashuka machafu na maji ya kunywa yakawekwa wasipoweza kuyafikia. Ripoti ya uchunguzi ulioongozwa na Robert Francis, ya mwaka 2013, iliyaeleza hayo kwa kirefu. Huko, ndugu za wagonjwa ndio waliopiga kelele mpaka nchi ikasikia.

Nchi tajiri zikiwa hivyo, kwetu je?

Jibu mojawapo limetoka Nairobi. Watafiti wa KEMRI-Wellcome Trust pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Oxford walikuwa wameshaonyesha kwamba sehemu kubwa ya watoto wachanga wagonjwa waliolazwa jijini hubebwa na hospitali chache sana za umma. Wakataka kujua kinachofanyika ndani ya wodi zenyewe. David Gathara na wenzake hawakuridhika na madodoso, na hoja yao ilikuwa nzito. Anayeulizwa alichoacha hujibu kwa kumbukumbu, na kumbukumbu ina huruma na mwenyewe. Tena kazi inayoachwa kila siku hatimaye huacha kuonekana kuwa kazi. Ikiwa wodi haijawahi kuwapima watoto joto mara nne kwa siku, muuguzi aliyeanzia hapo hatasema ameacha kitu.

Chati nazo hazisaidii sana. Nafasi tupu inaweza kumaanisha mtoto hakupimwa, au alipimwa na hapakuwa na muda wa kuandika. Nafasi iliyojazwa ina mashaka yake. Aliyewahi kupitia mafaili ya wagonjwa atakuwa ameona safu ya joto lenye tarakimu ile ile kutwa nzima, kwa wino ule ule na mwandiko wa mkupuo mmoja.

Basi wakachagua njia ngumu: kukaa na kutazama. Kwanza walikubaliana na wataalamu wa Kenya juu ya huduma ya chini kabisa ambayo mtoto anastahili, kwa kadiri ya ugonjwa wake. Kisha watazamaji waliofundishwa wakaingia katika hospitali sita, za umma, za misheni na za binafsi, wakawafuatilia watoto 216, wakiandika kila kazi iliyofanyika na ambayo haikufanyika. Matokeo yalichapishwa katika jarida la BMJ Quality & Safety. Kazi nyingi zilizotakiwa hazikufanyika, na kadiri kila muuguzi alivyokuwa na watoto wengi, ndivyo kila mtoto alivyopata pungufu.

Njia hii nayo ina kasoro zake. Anayetazamwa hujitahidi kuliko kawaida, kwa hiyo hali halisi huenda ni mbaya kuliko ilivyoandikwa. Mtazamaji anaona mikono, haoni akili: muuguzi mzoefu anayepita kati ya vitanda na kugundua kwa jicho moja kwamba rangi ya mtoto imebadilika anafanya kazi kubwa, na karatasi ya mtazamaji haina kisanduku chake. Ni njia ya gharama, haiwezekani kila siku. Hata hivyo imefanya jambo ambalo dodoso haliwezi. Imehamisha kituo cha hesabu kutoka kwa muuguzi kwenda kwa mtoto. Haiulizi wewe umefanya nini, inauliza huyu amepata nini.

Na hapo ndipo linapojitokeza jambo linalozitofautisha wodi zetu na zile ambako vipimo hivi vilizaliwa. Nani alimlisha mtoto? Mara nyingi ni mama yake. Watafiti waliokaa muda mrefu katika wodi za watoto wachanga za Kenya wameeleza jinsi wauguzi wanavyozikabili siku zao: wanageuza kazi kuwa ratiba isiyoyumba, wanawatumia wanafunzi wa uuguzi, na wanawafundisha kina mama kulisha na kubadilisha nepi ili wao wabaki na sindano, oksijeni na watoto waliozidiwa. Kwa watu wazima ni hivyo hivyo, kuanzia hospitali za wilaya mpaka za rufaa, Kenya na Tanzania. Ndugu ndiye anayeleta uji, anayemwogesha mgonjwa kitandani, anayemgeuza, anayemwaga mkojo, anayekimbia kumwita sista dripu inapoisha.

Utamaduni huo una heri yake. Mgonjwa anayelishwa na bintiye hula vizuri, na mama anayemshika mtoto njiti wake kifuani anampa joto ambalo inkubeta nyingi za kwetu haziwezi kulitoa. Tatizo ni kwamba msaada huu haumo katika hesabu yoyote. Dodoso la Michigan likiuliza kama mgonjwa alilishwa, jibu litakuwa ndiyo. Upungufu wa wauguzi unafunikwa na mikono ya mwanamke ambaye hakufundishwa kutambua mpira uliohama, aliyejifungua kwa upasuaji siku mbili zilizopita, na anayelala kwenye benchi. Mgonjwa asiye na ndugu hana hata hicho. Bodaboda aliyeokotwa barabarani bila kitambulisho, mzee aliyetelekezwa, mtoto ambaye mama yake mwenyewe yuko mahututi wodi nyingine: hao ndio kipimo cha kweli cha uuguzi wetu, kwa kuwa wao hupata kile tu ambacho hospitali yenyewe inatoa.

Kwa hiyo ningependa kila kipimo kitakachotumika Afrika Mashariki kiwe na safu ya tatu. Isiulize tu kama imefanyika au haijafanyika. Iulize imefanywa na nani, na kama aliyeifanya alielekezwa. Bila safu hiyo, waziri ataletewa ripoti safi kutoka wodi inayoendeshwa na kina mama.

Turudi kwenye sababu, maana hapo ndipo ugomvi ulipo. Kalisch katika vikundi vyake alisikia sababu ambazo si uchache wa watu. Alisikia habari ya mazoea: kazi ukiiacha mara moja kwa dharura, mara ya pili inakuwa nyepesi kuiacha, mara ya kumi hukumbuki kwamba ilikuwa yako. Alisikia habari ya kujifanya huoni, ya wasaidizi wasioelekezwa, ya timu ambazo kila mtu anabeba mzigo wake na hamtazami mwenzake. Mambo hayo yapo kwetu, na wananchi wanayajua. Wapo waliojibiwa vibaya. Wapo walioita usiku wakasikia soga na vicheko upande wa pili wa mlango. Mwandishi anayewatetea wauguzi bila kuyataja hayo hatasadikiwa, na hastahili kusadikiwa.

Lakini ushahidi una uzito, na uzito wake umeelemea upande mmoja. Peter Griffiths na wenzake walipokusanya tafiti 18 zilizotegemea kauli za wauguzi, walikuta robo tatu au zaidi wakikiri kuacha baadhi ya huduma, na idadi ndogo ya wauguzi zamuni ikiendana na kuacha zaidi. Tabia mbaya ya watu wachache haiwezi kueleza jambo linalotokea kwa robo tatu ya wauguzi katika nchi zenye desturi, mishahara na mafunzo tofauti kabisa. Tena mazoea yenyewe yana chimbuko. Mtu anajifunza kutosikia kengele katika wodi ambayo kengele ni nyingi kuliko miguu.

Gharama yake imepimwa pia. Linda Aiken wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na wenzake walichunguza rekodi za wagonjwa 422,730 waliofanyiwa upasuaji katika hospitali 300 za nchi tisa za Ulaya. Kila mgonjwa mmoja aliyeongezwa kwa muuguzi aliendana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa kufariki ndani ya siku 30. Mwaka 2018 Jane Ball na wenzake wakaziunganisha takwimu za aina hiyo na huduma zilizoachwa: kila huduma zilizoachwa zilipoongezeka kwa asilimia 10, uwezekano wa kifo ulipanda kwa asilimia 16. Takwimu za namna hii zinaonyesha vitu vinavyokwenda pamoja, na peke yake hazitoshi kuthibitisha kwamba kimoja kimesababisha kingine. Ndiyo maana naupa uzito mfano wa jimbo la Queensland, Australia. Mwaka 2016 sheria iliweka kiwango katika wodi za hospitali teule: kwa wastani, muuguzi asizidishe wagonjwa wanne mchana na saba usiku. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2021 katika jarida la Lancet yalikadiria vifo 145 vilivyoepukwa, na fedha zilizookolewa, kwa wagonjwa kutoka mapema na kurudi kwa uchache, zilikuwa takriban mara mbili ya gharama ya wauguzi walioongezwa.

Atatokea wa kusema hiyo ni Australia, sisi hatuna wauguzi. Kenya hoja hiyo haisimami. Julai 2021 serikali yake ilitia saini makubaliano na Uingereza ya kupeleka wauguzi huko, na maelezo rasmi yalisema wanaolengwa ni wauguzi wasio na ajira. Yaani watu wamesomeshwa, wamefaulu, wana leseni, wapo mitaani, na kilomita chache kutoka wanakoishi kuna mmoja anayehangaika na watoto 15. Kinachokosekana ni nafasi ya kazi yenye mshahara. Tangu huduma za afya ziliposhuka kwenye kaunti mwaka 2013, nafasi hizo hupangwa katika bajeti za serikali 47, na kwenye meza za bajeti muuguzi anashindana na barabara ambayo mheshimiwa ataizindua kwa kukata utepe. Mwaka 2017 wauguzi wa hospitali za umma waligoma kwa takriban miezi mitano. Nchi iliona huduma ilipokoma kabisa. Huduma inayopungua kidogo kidogo kila zamu haipigwi picha, ingawa hapo ndipo watoto wanapopotea. Utafiti wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2022 ulionyesha watoto 21 kati ya kila 1,000 wanaozaliwa hai hufariki kabla ya kutimiza mwezi. Tanzania, mwaka huo huo, walikuwa 24.

Naamini kipimo kinaweza kuanza bila kumsubiri mtafiti wala mfadhili. Wakati wa kupokezana zamu tayari kuna ripoti: nani amelazwa, nani amezidiwa, dawa gani imesalia. Liongezwe swali moja, lijibiwe kwa kuandika: leo tumeshindwa kufanya nini, kwa nani, na kwa sababu gani. Sababu ziwe fupi na za kuchagua: watu hawakutosha, kifaa hakikuwepo, dawa haikuwepo, hatukuambiwa, dharura. Kando yake idadi ya wauguzi waliokuwepo, idadi ya wagonjwa, na kazi zilizofanywa na ndugu. Muuguzi asiandike jina lake. Karatasi isiingie kwenye faili la nidhamu la mtu yeyote, na hilo litamkwe na mganga mkuu wa hospitali mbele ya wote, maana siku muuguzi mmoja atakapoitwa kujieleza kwa sababu ya alichokiandika, kuanzia usiku huo kila wodi itaripoti kwamba kila kitu kimefanyika.

Baada ya miezi mitatu hospitali itakuwa na kitu ambacho haijawahi kuwa nacho. Mkuu wa wodi ataona kwamba kila Jumapili usiku watoto hawapimwi joto, na kwamba sababu ni kipimajoto kimoja kinachofungiwa ofisini mwishoni mwa wiki. Hilo atalimaliza mwenyewe kabla ya Jumapili inayofuata. Ataona pia kwamba kila muuguzi anapovuka watoto kadhaa, kwanza hufa mafunzo kwa mama, kisha kupima joto, kisha kulisha kwa wakati. Hilo hawezi kulimaliza. Atalazimika kulipeleka kwa mganga mkuu, naye kwa mkurugenzi au kwa waziri wa afya wa kaunti, pamoja na tarehe, idadi na sababu, na mtu wa bajeti atatakiwa aandike chini yake, kwa saini yake, ni kazi ipi kati ya hizo anaona inafaa kuendelea kuachwa.